Mchezo Wenu Bado Haujachambuliwa

Karatasi zenu zote mbili ziko mezani kwangu, wajukuu zangu. Moja ililetwa ikiwa imekunjwa vizuri mara mbili. Nyingine ilikuwa imefinyangwa kwa hasira, ikabidi niinyooshe kwa kiganja na kuilaza usiku kucha chini ya pasi ya mkaa. Kila mmoja aliniletea yake peke yake, giza likiwa limeshaingia, akitaka nimwambie kwamba haki iko upande wake. Nimezisoma kwa siku nne. Nimetandika ubao hapa kibarazani, nikapanga kete, nikaurudia mchezo wenu hatua kwa hatua, mara ya kwanza kwa karatasi ya mmoja, mara ya pili kwa karatasi ya mwenzake. Sasa nina la kusema, na nimeliandika ili mlisome wote kwa maneno yale yale, asitokee wa kusema babu aliniambia mimi hivi, yeye akamwambia vile.

Tangu mrudi kutoka mashindano ya sataranji Mwanza hamsalimiani. Mlitoka Kiloleli kwa basi moja, mkala mkate mmoja njiani, mkapangwa kucheza ninyi kwa ninyi katika raundi ya nne, mkarudi kwa mabasi mawili. Mama zenu wanateka maji pamoja, nao wameanza kuhisi uzito kati yao, na hakuna kati yao ajuaye kwa nini.

Sitawaambia kwamba huo ni mchezo tu. Anayesema hivyo hajawahi kukaa saa nzima mbele ya ubao, kichwa kimemuwaka moto, halafu ushindi ukamponyoka mkononi. Nayajua maumivu hayo. Nilianza kuyaonja nikiwa mdogo kuliko ninyi, nikichunga ng'ombe, tulipochimba mashimo ardhini na kucheza isolo kwa kokoto. Mliozaliwa na simu isolo mnaiona mchezo wa wazee, lakini ndiyo sataranji yetu Wasukuma, ndugu wa bao la Pwani. Bao lina kete 64, sataranji ina vyumba 64. Nimeyafikiri hayo mara nyingi nikiwa peke yangu: watu waliokuwa mbali hivyo, walioona kwamba akili ya mtu inahitaji uwanja wa ukubwa uleule.

Turudi kwenye mchezo wenu. Nitausimulia kama karatasi zinavyosema, na mkiona nimekosea mtanisahihisha.

Wewe uliyecheza kete nyeusi, hatua ya 22 ulimsogeza mfalme wako hadi pembeni kabisa, h8, kwa sababu ambayo mimi siioni. Ngome yako ilikuwa imeshaondoka f8 kwenda e8. Hatua ya 23 farasi mweupe akatua f7, akamtishia mfalme wako pale pembeni, na kwa mguu wake mwingine amemkanyaga malkia wako pale d8. Mfalme ilibidi akimbie. Malkia akaliwa. Uliambulia farasi mmoja kwa malkia mzima, na mtu yeyote aliyekuwa akipita kati ya meza angesema mchezo umekwisha.

Wewe wa kete nyeupe ulisema hivyo pia moyoni. Sihitaji uniambie, mwandiko wako unaniambia. Mpaka hatua ya 23 herufi zako zimesimama, namba zimekaa kwenye vyumba vyake. Kuanzia ya 24 zinalala, zinakimbia, na hatua ya 31 umeandika chumba ambacho hakiwezekani. Nimeupata ukweli kwenye karatasi ya mwenzako. Uliacha kucheza na mtu aliyeketi mbele yako, ukaanza kucheza na kikombe cha ushindi.

Mwenzako aliendelea kuhangaika. Kete zikabadilishana, ngome zikaondoka, farasi akaondoka. Kufikia hatua ya 53 wewe mweupe una mfalme, malkia, na kitunda kimoja pale a4. Mweusi ana mfalme na vitunda viwili: kimoja a5, kimezuiwa na chako, hakisogei, kingine c4, kiko huru. Kwa wasioujua mchezo, kitunda ni yule askari mdogo wa mbele, anayekwenda kwa kawaida chumba kimoja kimoja na harudi nyuma. Mweusi akakisukuma kitunda kile cha c4 hadi c3, moja kwa moja mdomoni mwa malkia. Ukakila. Mfalme wake akazunguka kidogo, ukamfuata na malkia mpaka e6, mfalme wako mwenyewe akiwa f5. Hatua ya 56 mfalme mweusi alikuwa g7, na njia tatu zilikuwa wazi kwake: f8, h7 na h8. Akachagua h8. Pembe ileile iliyommaliza hatua ya 22.

Hapo, mjukuu wangu, ulikuwa na ushindi wa hatua tatu. Mfalme wako f6, yeye hana budi kwenda h7. Malkia f7, anatishiwa. Akikimbilia h6 malkia anamfunga g6, akirudi h8 malkia anamfunga g7. Uliniambia mwenyewe kwamba saa ilikuwa imekubakizia dakika 31. Ukamshika malkia, ukamtua g6, ukamwachia.

Mfalme mweusi hakutishiwa na kitu. Lakini g8, g7, h7, vyote vimelindwa na malkia wako. Kitunda chake cha a5 hakisogei. Hana hatua hata moja halali ya kucheza, na kanuni inasema ukimkwamisha mtu hivyo bila kumtishia mfalme wake, mchezo ni sare. Nusu kwako, nusu kwake. Mwamuzi akaja, akatazama, akaandika.

Ulisema uliona palepale kidole kilipotoka kwenye kete. Nakuamini. Jicho hufunguka mkono ukishafunguka. Imenitokea mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu. Kanuni ya sataranji ni kali na naipenda: ukigusa kete yako umejifunga kuicheza, ukiiachia hairudi. Ulipokuwa ungali umemshika malkia ungeweza kumpeleka kwingine. Jina la mahali petu, Kiloleli, kila nikilitamka, mimi husikia ndani yake neno letu kulola, kutazama. Dakika 31 ulizokuwa nazo zilikuwa za kulola.

Sasa maneno yaliyofuata. Mweupe anasema ameibiwa: kwamba mtu aliyepoteza malkia, mwenye adabu, hukubali kushindwa akatoa mkono, haendelei kuvuta mguu mpaka mwenzake achoke. Mweusi anatembea shuleni akisema aliutega mtego ule tangu mbali, na kwamba mwenzake ni mchezaji wa kelele.

Nianze na wizi. Hakuna aliyekuibia. Mtu kukubali kushindwa ni hiari yake, si deni analokuwia. Zamani Uingereza, kwa miaka mingi mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, walikuwa na kanuni kali zaidi: aliyemkwamisha mwenzake namna hiyo ndiye aliyehesabiwa kuwa ameshindwa. Ungecheza enzi hizo ungeondoka bila hata nusu. Nakuambia hili ujue kwamba watu wengi kabla yako walilitafakari jambo hili, wakaona kwamba mwenye nguvu nyingi ana wajibu wa kuzitumia kwa uangalifu, asimbane aliye dhaifu hadi akose pa kukanyaga kisha adai ameshinda.

Na wewe mweusi, majigambo yako sijayapenda. Nilipokuuliza uso kwa uso kama kile kitunda cha c4 ulikisukuma kwa makusudi, uliinama ukachezea kamba ya kiatu. Sikukubana. Karatasi yako haiwezi kunijibu, kwa sababu inaishia hatua ya 48. Hukukosea hapo: saa yako ilikuwa imeshuka chini ya dakika tano na kanuni ya mashindano yale ilikuruhusu uache kuandika. Kwa hiyo zile hatua tisa za mwisho, 49 mpaka 57, ziko kwenye karatasi ya mwenzako peke yake. Yeye amezishika hatua, wewe umeishika nia. Yeye anajua kitunda kilikwenda c3. Wewe ndiye pekee duniani unayejua kwa nini.

Hapo ndipo ninapowahitaji mnisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba, huku kwetu, zamani kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Mkulima analeta mzigo wake, unaning'inizwa, nasoma mzani kwa sauti, naandika kwenye kitabu changu, naandika kwenye stakabadhi yake. Maandishi mawili ya kitu kimoja, moja kwa kila upande. Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Miaka ya mwanzo ya 1950 wazee wetu Usukuma walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe pale penye mizani ili kuhakiki uzito. Kutokana na harakati hizo, Paul Bomani akiwa mbele, likajengeka Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mwaka 1955. Baba yangu alikuwa akiniambia kwamba uhuru kwa mkulima ulianza siku alipopewa haki ya kuusoma mzani kwa macho yake.

Nami, mtoto wa baba huyo, nilifanya hivi. Msimu mmoja mkulima alirudi kwangu siku ya pili yake na stakabadhi mkononi. Akasema kwa upole kwamba mzani ulisoma kilo 64 nami nikaandika 46. Alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu, ameshika kofia. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, jua limesimama utosini, na mimi nilikuwa na kiburi cha kalamu. Nikamwambia kitabu ni kitabu. Angeweza kupiga kelele, hakupiga. Aliniomba tu tukae, tufungue vitabu vyote viwili, tuhesabu mizigo ya siku ile pamoja. Nikasema sina muda. Akavaa kofia yake akaondoka.

Mwisho wa msimu nilijumlisha kurasa za siku ile na kuzilinganisha na uzito uliopakiwa kwenye lori. Tofauti ilikuwa kilo 18 kamili. Nikamtafuta yule mzee kwa baiskeli siku mbili. Walisema amehama na ng'ombe wake kuelekea Geita. Sikumwona tena. Kilo 18 zile ninazo mpaka leo, wajukuu zangu, na pamba haiozi upesi.

Kosa la kalamu lingeweza kumpata yeyote. Kinachoniuma ni ule mwaliko. Mtu niliyemkosea alinyoosha mkono tukae, nami nikamnyima kiti.

Mwaka uliofuata nikapelekwa mara kwa mara kufuatilia mizigo kwenye kinu cha pamba, na huko fundi mmoja wa mashine akanifundisha sataranji wakati wa zamu za usiku. Ubao aliuchora kwa mkaa juu ya kipande cha mbao, kete alizichonga mwenyewe kwa vipande vya mti wa kreti. Alikuwa akinifunga kila siku. Lakini tulipomaliza hakuwa ananyanyuka. Alikuwa anazirudisha kete mahali pake na kusema, "Haya, tuchambue." Sikujua kwamba neno hilo linafaa hapo. Kuchambua kwangu mimi ilikuwa kazi ya ile mashine iliyounguruma nyuma ya ukuta: kutenganisha nyuzi na mbegu. Pamba inayotoka shambani, ukiipima, sehemu kubwa zaidi ya uzito wake ni mbegu, nyuzi ni kama theluthi tu au zaidi kidogo. Lakini hakuna kinu chenye akili kinachotupa mbegu. Zinakamuliwa mafuta, mashudu yanalishwa ng'ombe, nyingine zinarudi shambani. Fundi yule alinishika kidole akakiweka juu ya kete niliyoikosea, akaniuliza, "Hapa ulikuwa unaogopa nini?" Hakuuliza kwa nini nilikosea, aliuliza nilikuwa naogopa nini. Halafu akaniambia na yeye alikuwa anaogopa nini wakati uleule, na mara nyingi nilishangaa: nilikuwa na hatua nzuri palepale, yeye jasho linamtoka, nami siioni kwa sababu nilikuwa nimeshajihesabu mtu wa kufungwa.

Hata kwenye isolo wazee walitulazimisha hivyo. Mchezo ukiisha kwa ugomvi, mzee mmoja alitwaa kokoto akazipanga upya kama zilivyokuwa kabla ya ugomvi, kwa kumbukumbu tu, maana hakuna aliyeandika. Kila mmoja akaulizwa alikuwa anakusudia nini. Mara nyingi ugomvi uliishia hapo. Hakuna aliyehukumiwa, kokoto zilikuwa zimeonekana na kila jicho.

Mweupe, najua umeshaupeleka mchezo kwenye simu. Ulinionyesha kioo kikikuambia kwamba hatua ya 57 ilitupa ushindi. Simu haikusema uongo. Mashine zilimshinda bingwa wa dunia tangu mwaka 1997, pale New York, Garry Kasparov alipofungwa na kompyuta iliyoitwa Deep Blue, na siku hizi programu unayoibeba mfukoni inawazidi mabingwa wote. Itumie. Ningekuwa nayo ujanani ningeitumia. Lakini uliiuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo. Ulishajua umekosea, uliliona kidole kikiwa bado hewani. Usilolijua ni lililokuwa ng'ambo ya ubao. Kwa nini c3? Kwa nini h8 na si h7? Je, mwenzako alikuwa anakuona unakimbia, akajua kwamba ukikimbia hutatazama, akaamua kuondoa kila kitu chake kinachoweza kusogea, akaenda mwenyewe pembeni akakungoja? Kama ndivyo, ulikutana na mchezaji hodari siku ile, aliyekuwa amepoteza kila kitu isipokuwa akili yake, na unapaswa kumpa heshima. Au alikuwa amekata tamaa, saa inamlilia, anasogeza kinachosogezeka? Basi sare ile ni zawadi uliyompa wewe mwenyewe, na dawa yake iko kwenye mwandiko wako wa hatua ya 24. Hizo ni nasaha mbili tofauti kabisa, na simu haiwezi kukuchagulia. Aliye na jibu anaishi nyumba ya nne kutoka kwenu.

Nawe mweusi unahitaji kitu kutoka kwake vilevile, pengine zaidi. Ukiendelea kusema "nilimtega", utakuja kuamini, na siku nyingine utampoteza malkia wako hatua ya 23 ukiwa umestarehe, ukingoja mtego ujitege. Ile h8 ya hatua ya 22 ni kosa lako, na hujalitaja hata mara moja. Muulize mwenzako ni lini alikiona kile chumba cha f7. Huenda alikiona hatua tatu kabla, alipokuwa bado anaandika vizuri, na kichwa chake kikiwa kimetulia ni kichwa cha kuogopwa. Utajifunza jinsi mtu anavyotazama akiwa na njaa, na jinsi anavyoacha kutazama akishashiba.

Kuna mtu mzima aliyemtupia mweupe ile methali, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimesikia, na namheshimu aliyeisema, lakini siipendi inavyotumika siku hizi, kama kofi la kumnyamazisha aliyeumia. Kukubali si kuinamisha kichwa na kuondoka. Mwaka 1972, huko Reykjavik, nchini Iceland, Boris Spassky alikuwa bingwa wa dunia akicheza na Mmarekani Bobby Fischer, wakati ambao mataifa yao mawili yalikuwa yanatazamana kwa jicho la vita. Mchezo wa sita Fischer alishinda kwa uzuri uliowasimamisha watazamaji wakapiga makofi, na Spassky, palepale jukwaani, akapiga makofi pamoja nao. Alikuwa bado anatetea taji lake. Alipoteza mchezo, baadaye akapoteza na taji, lakini jicho lake lilibaki zima: liliweza kuona uzuri hata ulipomwumiza yeye. Huyo ndiye aliyekubali.

Tena msidhani kwamba mnaweza kujifunza kwa wakubwa tu, kwa mabingwa wa video. Jirani zetu Uganda, Katwe, pale Kampala, msichana Phiona Mutesi alifika kwenye darasa la sataranji la Robert Katende akiwa na njaa, kwa kuwa watoto walipewa uji. Aliyewekwa kumfundisha kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Angeweza kuona aibu. Hakuona, au aliona akaimeza pamoja na uji. Mwaka 2010 alikuwa Urusi, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, na baada ya Olimpiadi ya 2012 pale Istanbul akapata cheo cha kimataifa. Nikiisoma habari yake situlii kwenye vyeo. Mimi hurudi nyuma pale mwanzoni, kwa watoto wawili wamekaa sakafuni na mdogo anamwelekeza mkubwa. Ninyi ni wa rika moja na bado mmoja anaona aibu kumuuliza mwenzake swali moja.

Ninyi si mabingwa. Semeni ukweli huo bila huzuni. Mnacheza kwa mapenzi, klabu yenu ina mbao tatu na saa moja ya kuazima, na mchezo wenu, nilivyouhesabu, una makosa makubwa saba, manne ya mweusi na matatu ya mweupe. Watu wa daraja lenu hucheza hivyo ulimwenguni kote, na nyote wawili mmenifurahisha mahali fulani. Hatua ya 17 ya mweupe ni safi. Nimeirudia mara tatu kwa raha tu. Hatua ya 40 ya mweusi, pale alipoikataa ngome ya bure kwa sababu aliona kilichokuwa nyuma yake, ilinifanya niseme kwa sauti, nikamwamsha bibi yenu. Mmewahi kuambiana hayo? Mweusi anajua kwamba hatua yake ya 40 ni nzuri? Nani atamwambia, kama si aliyemwekea ule mtego?

Nimeona kitu kingine kwenye karatasi. Baada ya mchezo kila mmoja aliweka sahihi kwenye karatasi ya mwenzake, kama kanuni inavyotaka. Sahihi ya mweupe kwenye karatasi ya mweusi imekandamizwa hadi kalamu ikatoboa. Sahihi ya mweusi kwenye ya mweupe imetetemeka. Mlitia sahihi mkakubaliana matokeo. Matokeo ni nusu kwa nusu, yameshapelekwa, hayabadiliki, na mimi sina nguvu ya kuyagusa wala sitaki. Kilichobaki ni mchezo wenyewe, nao umekaa nusu kwenye karatasi ya huyu, nusu kwenye kifua cha yule.

Basi Jumamosi, ng'ombe wakishaingia zizini, mje. Ubao uko pale kibarazani na nimewakataza watoto wasiuguse. Kete nimezipanga kama zilivyokuwa hatua ya 53, zamu ya mweusi, kitunda cha c4 kikiwa bado hakijasogezwa. Mweupe atakaa upande wake na mweusi upande wake, nami nitakaa kwenye kigoda changu kule mwisho, sitasema kitu mpaka niulizwe. Karatasi zenu nitakuwa nimezirudisha mezani. Mweusi, uje na kalamu, kwa sababu yako ina mistari tisa mitupu, na mwenzako atakusomea hatua uziandike. Ukifika penye c3 usiandike haraka. Mweleze kwanza.

Bibi yenu nimeshamwambia. Anaandaa matobolwa ya viazi vitamu, na ameweka karanga.